Mashamba Madogo ya Thika na Ruiru: Faida ya Kukaa kwa Umoja

Mkulima aliyepita njia ya Nairobi kwenda Thika katika ujana wake, na akaipita tena leo, hataitambua nchi ile. Palipokuwa na mibuni iliyopandwa safu kwa safu, leo pana nyumba za ghorofa, maduka, na viwanja vilivyozungushiwa ukuta. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Ruiru ulionekana kuwa na watu karibu 490,000, na mji wa Thika zaidi ya 250,000. Kituo cha utafiti wa kahawa bado kipo Ruiru, nacho ndicho kilichowapa wakulima mbuni wa Ruiru 11 mwaka 1985, ambao hustahimili chule buni na kutu ya majani. Lakini mtu akitoka katika lango la kituo hana safari ndefu kabla ya kukuta kibao cha "ploti zinauzwa".

Msomaji wa skimu huko Kinangop, Ol Kalou, Lugari au Sotik huenda akasema: "Hayo ni mambo ya watu wa mjini. Mimi nina ekari zangu kumi na tano." Ajihadhari. Wengi wa wale walionunua mashamba ya masetla upande wa Thika na Ruiru walikuwa wakulima kama yeye, na walianza na mamia ya ekari zikiwa kipande kimoja. Ardhi yao haikuchukuliwa na mji kwa siku moja. Waliikata wao wenyewe, kidogo kidogo, na sababu walizokuwa nazo zilionekana kuwa njema. Yafaa tuzitazame sababu hizo, kwa maana skimu nyingi sasa zimefika katika kizazi cha tatu, na wajukuu wanauliza fungu lao.

HESABU YA HAMSINI KWA MIA

Kipimo cha ploti kinachojulikana na kila mtu Ruiru ni futi 50 kwa futi 100. Hizo ni futi za mraba 5,000, na ekari moja hutoa ploti nane hivi, ukiondoa njia.

Sasa tuweke hesabu ya pili kando ya hiyo. Yuko Mmarekani aitwaye John Jeavons, ambaye tangu mwaka 1972 amekuwa akipima ni chakula kiasi gani kinachoweza kutoka katika kipande kidogo cha udongo uliotunzwa vizuri. Hesabu yake ni kwamba mtu mmoja anahitaji kama futi za mraba 4,000, pamoja na njia za kupitia, ili apate chakula chake chote cha mwaka kisicho na nyama wala maziwa. Hiyo ni kwa mkulima aliyekwisha jifunza kazi, mwenye maji na mwenye mbolea. Anayeanza leo hawezi kufika hapo kwa msimu mmoja.

Basi chukua ploti ya futi 5,000. Toa mahali pa nyumba, choo, uwanja wa watoto kuchezea na njia ya kuingilia. Kinachobaki hakimlishi hata mtu mmoja, na nyumbani mna watu sita. Ndiyo maana mkulima asidanganywe na maneno ya wauza ploti kwamba jamaa "itakula shambani". Itakula mboga, na mayai, na pengine viazi vitamu vya miezi michache. Hayo si haba, na tutayasema mbele. Lakini unga utatoka dukani.

Lakini tuseme watu ishirini wamenunua ekari ishirini kwa pamoja. Wakigawana ekari moja moja, kila mmoja atajenga katikati ya ekari yake, atatia ua wake, atachimba choo chake na kuvuta bomba lake. Akiwa na wana wanne, robo ekari ndiyo itakayomfikia kila mwana, na mwana huyo ataiuza. Sasa tuseme watu wale wale wameziweka nyumba zao zote upande mmoja, kila mmoja kwenye kiwanja cha hamsini kwa mia. Nyumba ishirini na njia zake hazitazidi ekari tatu. Ekari kumi na saba zimebaki nzima, zinalimika, zinaweza kuwa na bomba moja, ghala moja, josho moja na mlinzi mmoja. Watu ni wale wale na udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali zilipojengwa nyumba, na lile jambo gumu zaidi, yaani kukubaliana.

KIJIJI CHA AMRI NA KIJIJI CHA HIARI

Wazee wa Kiambu na Murang'a wakisikia habari ya kujenga nyumba pamoja huwa hawafurahi, nao wana haki. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu katika maboma yao na kuwakusanya katika vijiji vyenye handaki na walinzi. Kufika mwisho wa mwaka 1955 zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wamehamishwa hivyo. Nyumba zilikaribiana, shamba likawa mbali, na mama alikwenda kulima kwa saa zilizowekwa na askari. Hali ya Hatari ilipokwisha mwaka 1960 wengi waliokuwa na mashamba walirudi kwenye mashamba yao, na waliobaki vijijini ni wale hasa ambao hawakuwa na pa kwenda. Mtu aliyezaliwa katika kijiji kile haoni raha kuambiwa leo kwamba kijiji ni kitu kizuri.

Kwa hiyo neno la kwanza katika habari hii ni hiari. Kukaa pamoja kwa amri na kukaa pamoja kwa hiari ni mambo mawili mbalimbali, hata kama ukitazama kutoka mlimani nyumba zinaonekana zimepangwa namna moja.

Jirani zetu wa Tanzania wameyaonja yote mawili. Huko Ruvuma, karibu na Songea, vijana wachache walianza kijiji cha Litowa mwaka 1960. Mwanzo ulikuwa mgumu na chakula kilipungua. Lakini walifuata kanuni moja ambayo haikubadilika: mambo yote ya kazi na ya mavuno yaliamuliwa katika mkutano wa wanakijiji wenyewe. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga, na alikuwako Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliyekuwa mshauri wao. Mwaka 1963 kilianzishwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na vijiji vingine vikajiunga mpaka vikapita kumi na tano. Walikuwa na shule yao Litowa ambako watoto walilima pamoja na kusoma, na chama kikawa na mashine ya kusaga unga mjini Songea. Walikula walichovuna, hawakukimbilia vitu ambavyo hawakuweza kuvitengeneza wakiharibikiwa navyo.

Tarehe 25 Septemba 1969 chama hicho kilipigwa marufuku. Wakubwa wa siasa hawakupenda vijiji vinavyojiendesha bila kungoja maagizo. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu kwa mamilioni walihamishwa kuingia vijijini kwa nguvu, na kila mtu anajua kazi ile haikuleta chakula kilichotazamiwa. Hapo pana jambo la kufikiriwa na kila bwana mkubwa anayependa kuwapanga wakulima: vijiji vya hiari vilifungwa, vya amri vikajengwa, na mavuno hayakupatikana.

Hapa Kenya tulijaribu pia. Skimu ya Ekari Milioni ilianza mwaka 1962, na katika miaka michache kiasi cha jamaa 35,000 walipewa mashamba, kila mmoja na lake. Lakini huko Ol Kalou serikali ilifanya namna nyingine. Mashamba makubwa yaliachwa yalivyo, kila jamaa ikapewa kishamba kidogo cha nyumbani, na sehemu kubwa ikalimwa kwa pamoja chini ya ushirika na maofisa. Haikudumu. Mwanachama hakuona tofauti kati yake na kibarua wa zamani, maana maagizo yalitoka juu na faida ilikwenda kulipa madeni. Mwishowe mashamba yale pia yalikatwa.

KWA NINI MASHAMBA YA THIKA NA RUIRU YALIKATWA

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 masetla wengi wa upande huu waliuza. Shamba la kahawa au la mkonge halikuweza kununuliwa na mtu mmoja wa kawaida, kwa hiyo watu walichanga. Wengine walifanya vyama vya ushirika, wengine makampuni ya kununua mashamba. Mama aliuza kuku, mzee aliuza ng'ombe, kibarua alitoa mshahara wake, kila mmoja akapewa karatasi ya hisa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, wala watoto wasilidharau. Watu ambao hawakuruhusiwa hata kupanda mbuni mmoja mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni walijikuta wenye shamba la kahawa lenye kiwanda.

Shida ilianza katika daftari. Wanachama walikuwa mamia, na wengi waliishi mbali. Kamati ilikuwa na watu wachache walioshika ufunguo wa ofisi. Mwenye hisa moja alitaka kujua kahawa imeuzwa bei gani, akaambiwa angoje mkutano wa mwaka, na mkutano wa mwaka ukaahirishwa. Hata pale ambapo kamati ilikuwa ya watu waaminifu, mwanachama hakuona kitu cha kushika mkononi. Karatasi ya hisa haipandwi maharagwe. Akasema, "Nipeni kipande changu na hati yangu."

Bei nazo zilisaidia kuvunja. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ulimwenguni ilipanda sana, na miaka ya 1976 na 1977 ilikuwa ya neema. Ugomvi wa wakati huo ulikuwa juu ya kugawana fedha. Kisha, Julai 1989, mapatano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika na bei ikaanguka. Ugomvi ukawa juu ya kugawana deni. Mbuni ambao hauwezi kumlipa hata mchumaji unaonekana kama kuni, na wengi waling'oa. Wakati huo huo Nairobi ilikuwa ikipanuka, na mnunuzi wa ploti alikuja na fedha taslimu.

Hati ya mtu mmoja mmoja si kitu kibaya. Ndiyo inayomlinda mjane asifukuzwe, na ndiyo inayokubaliwa na benki. Hasara ilikuwa hii, kwamba watu walipochoka na kamati mbaya waliivunja kamati na umoja pamoja, kama mtu anayetupa chungu kwa sababu mboga zimeungua. Walifikiri kuna njia mbili tu, kila kitu kiwe cha wote au kila mtu awe peke yake. Njia ya tatu ilikuwapo karibu nao, nayo ilishikwa na wanawake.

MABATI

Katika miaka ya 1960, akina mama wa Murang'a, Nyeri na Kiambu walifanya vikundi ambavyo watu waliviita vya mabati. Nyumba nyingi zilikuwa za nyasi na zilivuja. Akina mama walikwenda kulima mashamba ya watu kwa malipo, wakaweka fedha pamoja, na zamu kwa zamu wakamnunulia kila mmoja mabati ya nyumba yake. Aliyekwisha ezekewa hakuacha kuchanga, kwa sababu jirani zake walimjua, na watoto wao walisoma shule moja. Baada ya mabati wengine walinunua matangi, wengine ng'ombe wa maziwa.

Tazama namna walivyofanya. Shamba lilibaki la kila jamaa, na jiko lilibaki la kila mama. Walichokitia pamoja ni kazi na fedha kidogo, kwa jambo moja lililojulikana, na mwisho wake ulionekana juu ya paa. Kitu hicho si kigeni. Kwa Kikuyu kazi ya kusaidiana shambani huitwa ngwatio, na hakuna kabila nchini lisilokuwa na jina lake. Kikundi kilikuwa cha watu wanaoweza kujuana kwa sura. Mtu asiyekuja kazini alionekana siku ile ile.

Katika maoni ya mwandishi huyu, hicho ndicho kipimo cha umoja unaodumu katika ardhi: watu kati ya kumi na thelathini, kila mmoja na mlango wake, na vitu vichache vya ghali vinavyomilikiwa pamoja. Tangi, mashine ya kukata majani ya ng'ombe, dume la mbuzi wa maziwa, ghala la mbegu, pampu. Mtu mmoja akinunua pampu peke yake, itafanya kazi saa mbili kwa siku na kulala saa ishirini na mbili.

UDONGO WA THIKA UNAVYOFANYIZWA

Karibu na Thika kipo kituo kiitwacho Grow Biointensive Agriculture Center of Kenya, ambacho watu hukiita G-BIACK kwa kifupi. Kilianzishwa mwaka 2008 na Samuel Nderitu na mkewe Peris. Hakina mamia ya ekari wala matrekta. Ni shamba dogo, la kadiri ambayo mkulima wa kawaida anaweza kuitazama asikate tamaa, na wakulima huenda pale kujifunza kulisha jamaa katika nafasi ndogo bila kununua mbolea ya dukani. Njia yao ni ile ya Jeavons, ambayo imefundishwa pia katika kituo cha Manor House, karibu na Kitale, kilichoanzishwa mwaka 1984. Tena upande wa Juja, tangu mwaka 1986, pamekuwa na kazi ya Kenya Institute of Organic Farming, ya kufundisha kilimo kisichotumia dawa na mbolea za kiwandani. Basi mkulima asifikiri kwamba elimu hii iko Ulaya. Iko kando ya barabara ya Thika.

Kazi yenyewe ni hii. Pima tuta la futi 5 upana na futi 20 urefu, yaani futi za mraba 100. Upana usizidi hapo, ili mkono ufike katikati bila mtu kukanyaga udongo. Anza upande mmoja, chimba mtaro wa futi moja kwenda chini na futi moja upana, na udongo huo wa juu uuweke kando. Kisha shika jembe la meno, ulegeze udongo wa chini kwa futi moja nyingine bila kuutoa. Hapo sasa chimba mtaro wa pili kando ya ule wa kwanza, na udongo wake wa juu uutupe katika mtaro wa kwanza. Endelea hivyo mpaka mwisho, ambapo ule udongo uliowekwa kando utajaza mtaro wa mwisho. Tandaza mboji juu na uichanganye kidogo. Tuta litainuka lenyewe, na mizizi itakwenda chini futi mbili badala ya kuenea pembeni. Kwa sababu hiyo mimea hupandwa karibu karibu, kwa mtindo wa pembe tatu, mpaka majani yakifunika udongo jua lisiukaushe.

Mtu mmoja akilichimba tuta hilo kwa mara ya kwanza katika ardhi ngumu, atamaliza siku nzima na kulala na mgongo. Watu wanne watalimaliza kabla ya chai ya saa nne, kisha waende kwa jirani wa pili. Hapa ndipo ngwatio inapoingia. Msimu wa pili kazi huwa nyepesi, maana hakuna aliyekanyaga.

Lakini Bwana Shamba yeyote mwenye kujua nchi hii atakuambia kwamba udongo wa Gatanga si udongo wa Juja. Juu, kuelekea milima ya Aberdare, udongo ni mwekundu na wa kina. Chini, kwenye uwanda, kuna udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na mahali pengine jembe linagonga murram kabla ya futi moja. Pale penye murram usipigane na mawe. Inua tuta juu kwa udongo na mboji. Udongo mweusi chimba ukiwa na unyevu kidogo tu, na acha mfereji pembeni maji yapate kutoka.

Sehemu ambayo wakulima wengi huiruka ni ugawaji wa mimea. Mafundisho ya njia hii yasema kwamba katika kila matuta kumi, sita yawe ya mimea inayotoa nafaka na mabua mengi, kama mahindi, mtama na mchicha wa nafaka. Matatu yawe ya mizizi kama viazi vitamu, viazi vya Kizungu na mihogo. Na moja tu liwe la mboga za majani. Mkulima wa karibu na mji hupenda kugeuza hesabu hiyo, matuta yote yawe ya sukuma wiki, kwa sababu sukuma wiki huleta fedha ya kesho. Mwaka wa kwanza atafaulu. Mwaka wa tatu atauliza kwa nini majani yamekuwa ya manjano. Hakupanda kitu cha kurudisha udongoni. Mabua ndiyo mboji, na mboji ndiyo shamba.

Mwenye ng'ombe wa ndani, sungura au kuku ana bahati, maana samadi huharakisha mboji kuiva. Na hapa pia umoja una kazi: jirani mmoja ana samadi na hana mabua, wa pili ana mabua na hana samadi. Lundo moja kubwa, lenye futi tano kila upande, hupata joto na kuoza vizuri kuliko malundo matano madogo yanayokauka.

MAJI NA MBEGU

Paa la mabati la futi 30 kwa futi 20 linapopata mvua ya inchi moja, hudondosha lita zaidi ya 1,400. Hayo ni madebe sabini. Mkulima asiye na mfereji chini ya paa anamwaga madebe sabini mtaroni kila inchi moja ya mvua inaponyesha, kisha mwezi wa Agosti anamlipa mtu wa mkokoteni. Akina mama waliochanga mabati katika miaka ya 1960 walijua kwamba paa la mabati ni chombo cha kutekea maji pia. Kikundi cha watu kumi kikijenga tangi moja kila miezi miwili, kila mlango utakuwa na tangi kabla ya mwaka wa pili kwisha, wala hakuna aliyeuza ardhi.

Mbegu ni jambo lenye uzito mwingine. Katika njia hii mkulima hupanda mbegu ambayo akiichuma huota tena ikiwa ile ile, kama njahi, kunde, wimbi, mtama, managu na mahindi ya kienyeji. Huziweka katika chupa kavu pamoja na majivu, au katika ghala la kikundi. Sheria ya mbegu ilipobadilishwa mwaka 2012, mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu ambazo hazikuandikishwa aliweza kupelekwa jela au kutozwa faini kubwa sana. Mama aliyempa jirani kikombe cha njahi hakujua kama amevunja sheria. Wakulima kumi na watano walikwenda mahakamani mwaka 2022 kuipinga, na Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vile vilivyowazuia wakulima kuweka na kubadilishana mbegu zao havipatani na katiba. Kikundi chenye ghala la mbegu sasa kinaweza kufanya kazi mchana. Hata hivyo kila chupa iandikwe jina la mbegu, mwezi ilipovunwa na shamba ilikotoka, maana mbegu isiyo na jina ni chakula cha kuku.

KABLA YA KUKATA SHAMBA

Mwenye shamba la skimu ambaye wanawe wamekua na afanye jambo moja kabla ya kumwita mpimaji. Awaite wana na mabinti wote, na mke awepo, wakae chini pamoja na karatasi. Wachore shamba lote. Waweke nyumba zote upande mmoja, ule ulio karibu na barabara au maji, na ule wenye mawe ukifaa kujengwa. Kila nyumba ipewe tuta zake za mboga karibu na mlango, ziwe zake yeye na asiulizwe na mtu. Kisha wahesabu ni ekari ngapi zimebaki nzima, na waulize zitalimwa na nani, mavuno yatagawanywaje, na anayefanya kazi mjini atatoa nini badala ya jembe. Swali la mwisho ndilo linalovunja jamaa nyingi. Afadhali ligombaniwe mezani kuliko shambani.

Kwa sheria, kukata shamba la kilimo kunataka ruhusa ya baraza la ardhi la mahali, chini ya Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967. Wengi hufikiri ruhusa hiyo ni ya kupigwa muhuri tu. Lakini baraza limewekwa kutazama kama kipande kitakachobaki kinaweza kulimwa kwa faida. Watu wasio wa jamaa moja wanaotaka kushirikiana wanaweza kujiandikisha kama kikundi chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022, au kama ushirika mambo yakikua. Waandike pia, siku ya kwanza wakingali wanapendana, namna mtu atakavyotoka, atachukua nini, na nani atakuwa na haki ya kwanza kununua sehemu yake. Makampuni mengi ya kununua mashamba yalikuwa na masharti marefu ya kuingia na hayakuwa na masharti ya kutoka. Aliyetaka kutoka alimtafuta mnunuzi wa nje, na mnunuzi wa nje alikuja na ukuta.

Daftari lisikae kwa mtu mmoja. Lisomwe kwa sauti kila mwezi, hata kama lina shilingi mia mbili.

Kwa wale wanaotaka kuanza msimu huu: mvua za masika huanza Machi katika sehemu nyingi za kati, kwa hiyo mboji iliyorundikwa mwezi wa Novemba itakuwa imeiva kwa kupandia. Mabua ya mahindi yasichomwe wala yasiuzwe yote kwa wenye ng'ombe. Matuta mawili yanatosha kwa mwaka wa kwanza, moja la mahindi na maharagwe na moja la viazi vitamu, na yachimbwe Februari, udongo ukiwa haujawa mzito.